Salfaiti (E220 hadi E228) ndiyo iliyokuwa inanibana kifua: wenye pumu na wazazi wa watoto wenye pumu, tukutane hapa

Binti Kigamboni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aje kuusoma akitulia. Ila kama nyumbani kwako kuna mtu wa pumu, tafadhali usiupite.

Pumu ninayo tangu darasa la tatu. Vumbi la Julai, harufu ya rangi ya mafuta, moshi wa mkaa ambao haujashika vizuri, hivyo navijua na najihadhari navyo. Ninachotaka kuwaeleza leo ni kitu kilichonitesa karibu miaka miwili huku nikikipeleka mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa harusi ya mdogo wangu. Tumesimama kutwa, jua kali, kiu imenishika. Kwenye meza ya vinywaji kulikuwa na ndoo ya juisi ya rangi ya chungwa, ile inayouzwa nzito kwenye chupa ukaizimua kwa maji. Nikaigugumia glasi nzima. Kabla sijarudi kwenye kiti nikahisi kooni kama mtu kaniwashia kibiriti chini ya pua, ule moshi wa kwanza wa njiti unaokwaruza. Halafu kifua kikafunga kama kimekazwa kwa khanga. Nilipuliza inhela mara nne nimeegemea ukuta wa choo cha ukumbini. Ndugu wakasema ni barafu. Shangazi akasema ni jicho, maana siku ile nilikuwa nimependeza.

Mara ya pili ni kamba wa kukaanga, hotelini. Mara ya tatu ni zabibu kavu za njano nilizokuwa natafuna kazini mchana. Kwa ajili ya wale kamba nikaamua kwamba nina aleji ya kamba, nikakaa mwaka mzima sigusi kamba wala kaa. Mpaka mjomba alipokuja kutoka Mafia na kamba wake waliovuliwa usiku, wamepakiwa kwenye barafu tupu. Mama akawapika kwa nazi, nami uvumilivu ukanishinda. Nikala sahani mbili huku inhela iko pembeni, nasubiri kubanwa. Sikubanwa. Hapo nikaona kukisia kumefika mwisho, nikaenda kwa daktari wa kifua.

Swali aliloniuliza sijawahi kuulizwa: "Siku ulizobanwa, ni kipi ulichokula kilichotoka kwenye chupa, kwenye pakiti au kwenye friza?" Akaniambia ninunue daftari. Kila siku niandike saa, nimekula nini, kimetoka wapi, kifua kimekuwaje, inhela nimepuliza mara ngapi. Wiki sita. Na pakiti nisizitupe, niziweke kwenye mfuko.

Wiki ya sita nilizimwaga zile pakiti na chupa mezani, nikaanza kuzisoma na kalamu nyekundu mkononi. Rangi zilitofautiana, sukari zilitofautiana, viwanda vilitofautiana. Kwenye zile za siku mbaya kilichojirudia ni kimoja: E223 kwenye chupa ya juisi nzito, E220 kwenye zabibu za njano, na maneno "sodiamu metabaisalfaiti" kwenye chupa ya maji ya limao ambayo hata sikuwa nimeishuku. Majina matatu, ukoo mmoja.

Salfaiti ni vihifadhi vya chakula. E220 ndiyo gesi yenyewe, dayoksaidi ya salfa. Zinazofuata hadi E228 ni chumvi zake za sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Baadhi ya lebo zinaandika namba tu bila herufi E, kwa hiyo usipoiona E usidhani umesalimika. Huzuia bakteria na hamira, na huzuia chakula kisigeuke rangi. Menya kiazi ukiache mezani, kitakuwa kahawia. Kichovye kwenye maji yenye salfaiti, kitabaki cheupe. Kamba naye akikaa huota weusi kichwani na kwenye ganda, ndiyo maana sehemu nyingi duniani kamba wa biashara huchovywa kwenye metabaisalfaiti mapema baada ya kuvuliwa. Wale wa mjomba hawakuchovywa.

Sasa kifua kinaingiaje? Salfaiti ikikutana na tindikali, iwe ya kinywaji chenyewe au ya tumboni, huachia ile gesi. Unapomeza au kucheua, gesi hupanda mpaka kwenye njia ya hewa. Asiye na pumu wala hajui kama kuna kitu kimepita. Mwenye mirija ya hewa inayokereka upesi, mirija inajikaza. Kinywaji kichachu kinanipata ndani ya dakika chache kwa sababu hiyo, na ule moshi wa kibiriti niliouhisi harusini sikuuota: njiti ikiwaka hutoa gesi hiyo hiyo.

Jambo lenyewe si geni kwa madaktari. Mwaka 1977 daktari wa Uingereza aitwaye Freedman aliandika kuhusu wagonjwa wa pumu waliobanwa baada ya kunywa vinywaji vya machungwa, na dayoksaidi ya salfa ilikuwa miongoni mwa vilivyokutwa na hatia. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilipiga marufuku mwaka 1986 kutia salfaiti kwenye matunda na mboga zinazoliwa mbichi, baada ya watu wenye pumu kupoteza maisha kwa saladi za hotelini. Inaniuma kwamba niliyajua haya nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya wenye pumu 100, walio kati ya 3 na 10 ndio wanaosumbuliwa na salfaiti, hasa wenye pumu kali. Maana yake walio wengi haiwahusu, na wasio na pumu haiwahusu zaidi. Sijaja kuwaambia watu waogope chakula.

Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, iliweka kiwango cha juu cha miligramu 0.7 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mimi nina kilo 60, kwa hiyo ni miligramu 42. Kwenye aprikoti kavu kanuni za Ulaya zinaruhusu hadi miligramu 2,000 kwa kilo. Kipande kimoja cha gramu 8 kinaweza kubeba miligramu 16. Vipande vitatu, nimeshavuka. Na kiwango hicho ni cha watu wote kwa jumla. Sisi ambao mirija yetu inakereka tunaweza kubanwa hata na kiasi kilicho chini ya hapo.

Kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ambazo nchi nyingi hufuata kutunga viwango vyao, zinataka salfaiti itajwe kwenye lebo ikifika miligramu 10 kwa kilo. Kwa hiyo macho yako na lebo ndiyo kinga ya kwanza. Shida ni vyakula visivyo na lebo, na hapo ndipo naomba wenye uzoefu mchangie.

Nesi wa Zamu

Dada, umeandika vizuri sana, naongezea ya kazini kwangu.

La kwanza, asije mtu akaenda kunywa juisi nyumbani "ajipime". Nimewapokea wa namna hiyo usiku, midomo imeanza kuwa ya bluu. Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi cha kutegemewa kwa salfaiti hakuna. Kinachofanyika ni kumpa mgonjwa kiasi kidogo, kinaongezwa taratibu, hospitalini, anapimwa pumzi kila hatua na dawa za dharura ziko mkononi. Huo ni uamuzi wa daktari.

La pili, wengi wanaobanwa ovyo ni wale ambao pumu yao haijadhibitiwa. Ana inhela ya kutuliza tu, ile ya kinga ya kila siku aliiacha kwa kuwa "nimepona". Rudi kwanza kwenye inhela ya kinga, ndipo utafute mchawi kwenye chakula.

La tatu naomba lisisahaulike. Sindano nyingi za adrenalini zina salfaiti kidogo ndani yake. Mgonjwa akipata shambulio kali la mzio, ile sindano achomwe. Itakayomuua ni kuikosa.

Mama Wawili

Asanteni. Mwanangu wa kwanza ana pumu, na alipokuwa mdogo alipewa Septrini akatoka vipele mwili mzima, tukaambiwa asipewe tena dawa za salfa. Mimi mwenyewe SP, ile dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, ilinitoa mabaka. Ina maana sisi ni wa salfaiti?

Nesi wa Zamu

Hapana mama, na swali hili naulizwa kila wiki. Dawa za salfa kama Septrini na ile SP ni kundi la dawa lenye umbo lake, na mzio wake ni kitu kingine kabisa. Mwenye mzio wa Septrini hana sababu ya kuogopa E223, na mwenye tatizo la E223 hana sababu ya kukataa Septrini. Salfeti nayo ni nyingine: vidonge vya kuongeza damu vyenye feras salfeti havina uhusiano na hili. Majina yanafanana, vitu ni tofauti. Endelea kuwaambia wahudumu kuhusu Septrini na SP, na liandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, lakini usilichanganye na la chakula.

Mkorosho wa Newala

Huku kwetu tunapuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Msimu wa kupuliza mke wangu anakohoa wiki nzima. Ni hiyo hiyo? Na korosho je, tunakula salfaiti?

Binti Kigamboni

Kaka, ile ya mikorosho ni salfa yenyewe, unga wa njano, haijawa salfaiti. Korosho ukizila hazikufanyi mla salfaiti. Lakini vumbi lake kweli hukereketa macho na kifua, mwenye pumu yeyote akae mbali siku ya kupuliza na nguo za shambani zifuliwe peke yake. Na salfa isichomwe moto jikoni wala ghalani, maana ikiungua ndipo inapotoa ile gesi ya E220.

Mzee wa Zabibu

Nipo Dodoma, nimefanya kazi ya mvinyo miaka mingi. Hiyo metabaisalfaiti sisi tunaiita "meta" tu. Tunasafishia vyombo, na tunaitia kwenye zabibu zilizokamuliwa ili hamira pori zisiharibu, kisha tena kabla ya kufunga chupa. Ukifungua mfuko wake bila kujifunika pua, macho yanatoka machozi hapo hapo. Vijana wenye pumu niliwaondoa kwenye chumba kile bila kungoja daktari aniambie.

Mjue pia kwamba mvinyo usio na salfaiti hata chembe haupatikani, kwa sababu hamira yenyewe huitengeneza kidogo wakati wa kuchachuka. Kwa kawaida mwekundu huwa nayo kidogo kuliko mweupe. Ulaya wameweka ukomo wa miligramu 150 kwa lita kwa mwekundu wa kawaida na 200 kwa mweupe.

Na wale mnaosema salfaiti za mvinyo ndizo zinawaumiza kichwa, mngekuwa mnaumwa zaidi kwa mweupe. Wengi mnaniambia mwekundu ndio unaowaumiza. Basi mtafuteni mwingine, pamoja na wingi wa glasi.

Binti Kigamboni

Shikamoo mzee. Hili la chumba cha meta nilikuwa silijui. Asante sana.

Likoni Damu

Mimi ni wa Mombasa. Huku Kenya mwaka 2019 televisheni ilitoa ripoti ya uchunguzi kuhusu nyama ya supamaketi kutiwa sodiamu metabaisalfaiti ili ionekane mbichi. Gumzo likawa kila kona, watu wakarudi kwa bucha wa mtaa. Ningependa kujua kwa nini nyama ndiyo ilileta kelele, na zabibu hakuna anayezipigia.

Binti Kigamboni

Karibu ndugu. Sababu ni mbili. Kwenye nyama mbichi salfaiti inarudisha wekundu na kuzima harufu, kwa hiyo nyama iliyokaa inajifanya ya leo asubuhi. Jicho na pua ndivyo vipimo vya mnunuzi, na vyote viwili vinadanganywa. Ya pili, salfaiti huvunja vitamini B1, na nyama ni moja ya vyakula vinavyotupa vitamini hiyo. FDA hawaruhusu itiwe kwenye vyakula vinavyotegemewa kwa B1. Zabibu hakuna anayezila kwa ajili ya B1.

Tofauti ni kwa baadhi ya soseji na baga: kanuni za Uingereza na Ulaya zinaruhusu salfaiti kwa kiwango maalumu. Mwenye ndugu anayeleta soseji kutoka huko asome pakiti.

Kifua Chuma

Mnatisha watu. Babu zetu wamekula kila kitu wakaishi miaka 90. Mtu wa pumu anywe tangawizi na asali, amalize.

Binti Kigamboni

Mkuu, babu yangu hakuwahi kunywa juisi ya chupa ya kuzimua mpaka anafariki. Kamba alivua mwenyewe na embe aliliangua mtini. Tangawizi nami nainywa na naipenda, lakini siku ya harusi ile nilikuwa siwezi kumaliza sentensi moja bila kuhema mara tatu. Mtu akifika hapo apulize inhela na apelekwe hospitali. Naomba sana, asikae nyumbani anachemshiwa tangawizi.

Mswahili wa Maskati

Asalaam aleikum. Sisi huku Oman wakati wa Ramadhani hukosi kamardini mezani, ile aprikoti iliyosagwa ikakaushwa kama ngozi, unairoweka unakunywa ukifuturu. Baada ya kusoma uzi nimekwenda jikoni kuangalia pakiti: E220. Binti yangu hukohoa sana usiku wa Ramadhani, na siku zote tumesema ni ubani na kiyoyozi. Tende je?

Binti Kigamboni

Waaleikum salaam. Tende kwa kawaida hazitiwi, rangi yake ni nyeusi tangu awali, hakuna cha kulinda. Hata zabibu kavu nyeusi zilizoanikwa juani mara nyingi hazina. Za njano zinazong'aa ndizo za kuangalia. Na aprikoti kavu ikiwa ya rangi ya chungwa inayong'aa, ujue kuna kilichoishikilia rangi hiyo. Isiyotiwa huwa kahawia kama tende. Ila usihukumu kwa pakiti moja, huenda ni ubani kweli. Mwekeeni daftari, kisha mpelekeni kwa daktari nalo.

Mama Wawili

Na vile vya kupima kwa macho bila lebo mnafanyaje? Chipsi za barabarani, kamba, achari?

Binti Kigamboni

Nauliza, mama. Kwenye chipsi naangalia anayemenya. Nikimkuta kijana na ndoo ya maji na viazi vyenye udongo pembeni, nakula kwa amani. Viazi vikija vimeshamenywa na kukatwa kwenye mifuko, vyeupe pee tangu jana, naviacha.

Kwenye soko la samaki la Feri nina muuzaji wangu mmoja wa kamba. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Kaka, hawa wametiwa dawa?" Akaona nataka kumpunguzia bei. Nikamtolea inhela nikamwonesha, nikamwambia mimi nikila waliotiwa nitaitumia hii mbele yako. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akafunua turubai la chini akanionesha kamba wenye weusi kidogo shingoni, akasema, "Hawa dada, hawa ni wa barafu tu, wale weupe wa juu wametoka melini." Nilikuwa napita wale wenye doa kila siku nikidhani wameoza. Siku hizi nawanusa kwanza, na kama harufu ni ya bahari nawachukua hao. Kuosha na kupika kunapunguza salfaiti lakini hakuimalizi, kwa hiyo wale weupe siwachukui hata niwachemshe.

Juisi nzito za chupa niliacha kabisa. Maji ya limao ya chupa pia. Ndimu zipo, nakamua.

Mama Wawili

Swali la mwisho. Jumamosi darasani kwa mwanangu kuna sherehe ya kufunga shule, kila mtoto anapewa juisi na keki. Wangu ana miaka saba, sitaki akae pembeni anawaangalia wenzake.

Binti Kigamboni

Mpe mwalimu wa darasa inhela na chemba yake (lile bomba la kuvutia dawa ya inhela) Ijumaa, mkononi mwake, si kwenye begi. Mwoneshe inavyopulizwa, kisha yeye akuoneshe wewe. Keki mara nyingi haina shida, ila matunda makavu ya rangi yaliyowekwa juu mwambie mtoto ayatoe. Juisi mbebee ya maembe uliyosaga asubuhi, itie kwenye chupa ya rangi kama za wenzake. Na mwenyewe mwambie neno moja la kukumbuka: "Kooni kukikwaruza, naacha kunywa, namwita mwalimu." Wangu nilimfundisha akiwa na miaka sita, analijua mpaka leo. Jumamosi jioni uje utuambie ilikuwaje.